Siku Babu alipokutana tena na tembo

Morogoro. Gari lilipangwa kuondoka saa 11 alfajiri, na hadi saa 10 na nusu Babu alikuwa bado anasema haendi.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya chumba chake, koti amevaa, viatu amevaa, lakini haendi. "Watu wanalipa fedha wakamwone tembo?" aliuliza. "Mimi nimemwona bure, tena shambani kwangu. Nimemwona vya kutosha."

Mjukuu wake wa darasa la nne ndiye aliyemwondoa pale. Hakumbembeleza. Alichukua fimbo ya Babu akaenda nayo kwenye gari. Mzee wa miaka 74 hafiki mbali bila fimbo, kwa hiyo ilibidi aifuate.

Safari hiyo haikuwa ya familia moja. Ilikuwa ya kikoba cha kina mama 12 wa mtaa mmoja wa mjini Morogoro, ambao kila Jumapili jioni hukutana kununua hisa na kulipa marejesho. Kila Desemba, wakishagawana, huchanga kwa ajili ya sherehe: sare, ukumbi, muziki na pilau. Mwaka jana, kabla ya kukata kitambaa cha sare, mmoja wao aliuliza swali: "Hivi hapa nani amewahi kuingia Mikumi?"

Wote walikuwa wamepita. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inakatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na kila aliyepanda basi kwenda msibani au harusini nyanda za juu amewahi kuchungulia dirishani akaona swala au nyani. Kutoka Morogoro mjini hadi langoni ni kama kilomita 100 tu. Lakini kuingia? Hakuna.

"Sisi tulijua kule ni kwa Wazungu," alisema mweka hazina, na wenzake wakacheka kwa sababu hata wao walijua hivyo hivyo. Sherehe ya ukumbini ikafutwa. Wakakodi Coaster.

Aliyeuliza swali lile ni fundi cherehani, na mtaani wengi humwita hivyo tu, Fundi. Ni binti wa Babu. Ana watoto wawili: msichana wa kidato cha pili na yule mvulana aliyechukua fimbo. Babu amehamia kwake tangu Bibi alipofariki, miaka mitatu iliyopita.

Hakuna jirani anayeweza kusema Fundi hamtunzi baba yake. Dawa ya presha anapewa kwa wakati, chakula anapelekewa cha moto, shuka zinafuliwa kila wiki. Lakini majirani hao hao wanajua kuwa wawili hawa hawana mazungumzo marefu. Ni "Baba, chakula tayari," na "Asante mwanangu," basi.

Sababu wanaijua watu wachache. Mwaka 1998 Fundi alikuwa kidato cha pili. Alirudi nyumbani likizo ya katikati ya mwaka, na shule zilipofunguliwa baba yake akamwambia hatarudi. Hakumweleza zaidi ya kusema "fedha hakuna". Miaka miwili baadaye mdogo wake wa kiume alifaulu, na fedha ikapatikana. Yeye akapelekwa kwa shangazi yake kujifunza kushona.

Akahitimisha mwenyewe. Na alipopata binti, akamlea kwa hadithi hiyo: "Wewe soma. Mimi babu yako alininyima shule kwa sababu ni msichana." Ndiyo maana yule msichana wa kidato cha pili humpa babu yake shikamoo ya juu juu, huku macho yako kwenye simu.

Coaster iliondoka ikiwa na watu 26, vikapu vya chapati na mayai ya kuchemsha, chupa tatu za chai na dumu la maji. Watoto waliimba hadi sauti zikakauka. Doma, mahali ambapo abiria wengi husimama kununua nyanya, walipita bila kusimama. "Tutanunua tukirudi," alisema mwenyekiti, "zisije zikapondwa na hawa watoto."

Baada ya hapo barabara ikabadilika. Vibao vikaanza kuonya madereva wapunguze mwendo, na kile kinachoorodhesha faini za kugonga wanyama kikawafanya watoto wabishane nani ana thamani kuliko mwenzake, twiga au simba. Babu, aliyekaa kiti cha nyuma ya dereva, hakusema kitu.

Langoni walikwama karibu nusu saa. Mweka hazina alikuwa amekuja na fedha taslimu, amezifunga kwenye pindo la kitenge kama anavyofanya siku ya mgao. Wakamweleza kuwa hapo hawapokei fedha mkononi. Unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki. Ikabidi kina mama watatu waunganishe salio zao, huku mweka hazina akiwahesabia noti mmoja mmoja. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipiwi kiingilio, na kuna mama mmoja ambaye mwanawe alitimiza mitano wiki iliyotangulia. Alitamani kusahau tarehe, lakini mtoto mwenyewe akatangaza umri wake kwa sauti.

Walipanda na mwongoza wageni, dada wa makamo aliyevaa kofia ya kijani. Alimsalimia kwanza Babu, kisha akatoa masharti: hakuna kushuka garini isipokuwa mahali panaporuhusiwa, hakuna kumrushia mnyama chakula, hakuna kutupa hata ganda la yai, na hakuna kupiga kelele. Sharti la mwisho lilivunjwa ndani ya dakika tano, twiga wa kwanza alipotokea.

Tambarare ya Mkata asubuhi haihitaji kusifiwa sana. Nyasi zina rangi ya dhahabu, milima iko mbali pembeni, na wanyama hawajifichi. Waliona pundamilia wamechanganyika na nyumbu. Waliona nyati kundi zima, weusi, wakitazama gari kama wadai. Ngiri alikimbia na mkia wake umesimama wima kama antena, na watoto wakacheka hadi mmoja akabanwa na kwikwi. Mama ambaye kwenye vikao hupiga faini wanaochelewa ndiye aliyesimama juu ya kiti kuliko watoto wote.

Ilikuwa karibu saa nne walipokutana na tembo.

Dereva alikata kona, akafunga breki taratibu, akazima injini. Mbele yao, kama mita 40 hivi, kundi lilikuwa linavuka njia. Wakubwa saba, wadogo wanne. Garini kila mtu alinyamaza bila kuambiwa. Kilichosikika ni majani yakikatika, na masikio makubwa yakipiga hewani kama kanga zinapokung'utwa kabla ya kuanikwa.

"Yule wa mbele ni jike, ndiye mkubwa kwa umri," mwongozaji alinong'ona. "Hao wengine ni dada zake, mabinti zake na wajukuu. Wanamfuata kwa sababu anakumbuka maji yalipo. Mimba ya tembo ni miezi 22, kwa hiyo kila mtoto mnayemwona hapo mama yake amemngoja karibu miaka miwili."

Mvulana wa darasa la nne alikuwa amekaa na babu yake. Aliangalia tembo, kisha akaangalia chini.

"Babu, mkono wako unatetemeka. Unaogopa?"

"Siogopi," Babu alijibu. "Nawadai."

Watu walicheka kidogo. Mwongozaji hakucheka. "Unawadai nini, Babu?"

Babu akasema kijiji chake kiko upande wa Kilosa, kinapakana na hifadhi. Akasema mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño kuharibu mashamba ya wengi, yeye alibahatika. Alikuwa na ekari tatu za mahindi yaliyokaribia kukomaa, kila bua na gunzi lake. Mahindi yale yalikuwa yamekwisha kugawanywa kichwani: gunia kadhaa za kula, na zinazobaki za kuuza. Mauzo yalikuwa ada ya mtoto.

Fundi alikuwa amekaa kiti cha upande wa pili. Hakugeuka.

"Ikaja habari kwamba wameonekana ng'ambo ya mto," Babu aliendelea. "Nikajenga dungu. Nikawa nalinda. Una moto, una madebe ya kupiga, una sauti yako. Ukiwasikia unapiga debe, unapiga kelele, wenzako mashamba ya jirani wanapokea. Usiku wa kwanza hawakuja. Wa pili wakaja, tukawafukuza. Nimelinda usiku saba."

Akanyamaza. Tembo wa mwisho, mdogo, alikuwa katikati ya njia, amesimama kunusa.

"Usiku wa nane nikalala."

Mjukuu wake akamwangalia. "Ukalala, Babu?"

"Nilikuwa nimechoka, manyunyu yananyesha, moto umefifia. Nikasema nifumbe macho kidogo tu. Nilipofumbua, niliwasikia wakitafuna. Wako ndani ya shamba, wamenizunguka. Sikuweza hata kupiga debe. Nilikaa juu kule hadi kulipokucha, wanakula, nawasikiliza."

Asubuhi lilibaki shamba la mabua yaliyolala. Babu alirudi nyumbani akawaambia wote kwamba tembo walikuwa wengi mno na mvua ilizima moto. Hakumwambia mtu yeyote kwamba alilala. Hata mkewe hakumwambia, hadi anamzika. Na binti yake alipokuja likizo hakumpa hata ile habari ya tembo. Ni kama kila akitaka kufungua mdomo aliona neno moja tu likimtoka.

"Ndiyo hivyo," alimalizia, akimtazama mwongozaji kana kwamba ndiye aliyekuwa akisimuliwa. "Mtoto akakosa shule."

Mwongozaji alimpa pole. Alisema tembo mmoja mkubwa anaweza kula hadi kilo 150 kwa siku, na shamba la mahindi kwake ni kama sinia la pilau lililoachwa mlangoni. Alieleza kuwa siku hizi baadhi ya vijiji hutundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kwa sababu tembo huogopa nyuki, na wengine hutumia pilipili iliyochanganywa na oili kwenye kamba na vitambaa. Tena kuna kifuta jasho, fedha ambayo serikali humpa mwananchi aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, kwa kanuni za mwaka 2011.

"Wangu walikuja 1998," alisema Babu.

"Ni kweli, Babu. Ulibeba peke yako."

Kisha akaongeza, kwa upole, kwamba tembo nao walibeba yao. Mwaka 1976 tembo wa Selous, pori linaloungana na Mikumi na ambalo tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, walikadiriwa kuzidi 100,000. Ilipofanyika sensa ya mwaka 2013, Selous na Mikumi kwa pamoja walihesabiwa tembo wapatao 13,000. Wengi waliuawa kwa ajili ya meno. Jike mzee kama yule wa mbele huenda alishuhudia wenzake wakianguka.

Babu aliitikia kwa kichwa. Mtoto wa tembo akamaliza kuvuka. Dereva akawasha gari.

Kwa nusu saa iliyofuata watoto waliendelea kutafuta simba. Fundi aliangalia nje upande ambao hakukuwa na mnyama. Binti yake alikuwa ametoa vifaa vya masikioni, amevishika mkononi.

Kwenye bwawa la viboko ndipo waliporuhusiwa kushuka. Viboko walikuwa wamelundikana majini, migongo tu inaonekana, mara mmoja anapumua kwa kishindo na watoto wanaruka nyuma. Kina mama walitandika kanga chini ya mti, chapati zikatoka. Babu alibaki pembeni, amekaa kwenye gogo.

Fundi alimimina chai, akaweka sukari kidogo kama daktari alivyoagiza, akampelekea. Siku nyingine angemkabidhi kikombe na kuondoka. Safari hii alikaa.

"Usiku saba ulilinda peke yako?"

"Peke yangu. Mama yako alikuwa na mtoto mchanga."

Akanyamaza tena. Kiboko akapumua.

"Baba, hakuna mtu anayekesha siku nane. Ungeniambia ulilala, ningekuelewa. Miaka yote hii nilijua ni kwa sababu mimi ni msichana."

"Nilijua unajua hivyo," Babu alisema. "Nikakuacha uendelee kujua hivyo. Niliona heri uniite mkali kuliko uniite mzembe."

"Na kaka ulimpeleka."

"Mwaka ule niliuza ng'ombe. Ng'ombe wa mama yako. Kwako wewe nilishindwa kumwomba, maana angeniuliza mahindi yalikwendaje." Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Nimekukosea mara mbili, mwanangu. Ya kulala, na ya kunyamaza. Ya kulala Mungu anaijua. Ya kunyamaza ni yangu."

Fundi hakumkumbatia. Si desturi yao, na jambo la miaka zaidi ya 25 haliishi kwa kikombe kimoja cha chai. Alifuta macho kwa ncha ya kanga, akachukua chapati, akaikata vipande vidogo kwa sababu meno ya Babu yamebaki machache. Alikaa pale hadi alipomaliza kula.

Binti yake alikuwa amesimama hatua chache, anajifanya anapiga picha viboko. Alisikia. Jioni ya siku ile alimuuliza mama yake swali moja tu: "Kwa hiyo ile uliyokuwa unaniambia siyo?" Fundi akajibu, "Nilikuambia nilichokuwa nakijua. Sasa najua kingine." Kwa mzazi, kusema hivyo mbele ya mtoto wa miaka 15 si jambo jepesi. Alilisema.

Simba hawakumwona. Walizunguka hadi saa tisa, wakaonyeshwa hata alama za nyayo kwenye tope, lakini mwenyewe hakutokea. Mwongozaji aliwaambia watoto kwamba hifadhi si televisheni, mnyama hatokei kwa kubonyezwa. Mvulana wa darasa la nne alisema haidhuru, yeye atakwenda kusimulia darasani kwamba babu yake aliwahi kulala katikati ya tembo na akaamka mzima. Garini watu wakacheka, na Babu naye akacheka, pengine kwa mara ya kwanza akiikumbuka habari ile.

Waliporudi garini kwa safari ya nyumbani, viti vilibadilika bila mtu kupanga. Msichana wa kidato cha pili alimpisha Babu kwenye kiti chake cha dirishani. "Babu, kaa huku, upepo ni mzuri." Fundi akakaa pembeni ya baba yake. Mvulana akabanwa katikati ya mapaja ya dada yake na kikapu.

Gari lilipotoka langoni na kurudi barabara kuu, jua lilikuwa linashuka. Malori ya kwenda Tunduma yalipishana nao kwa mwendo wa pole. Babu alisinzia kabla hawajafika mbali. Kichwa kikaegemea dirisha, kisha kikaanguka begani kwa binti yake. Fundi hakukitoa.

Karibu na mpaka wa hifadhi, dereva alipunguza mwendo. Pembeni ya lami, hatua chache tu kutoka kwenye magari, tembo wawili walikuwa wanavunja matawi kana kwamba barabara haipo. Watoto wote walihamia upande mmoja.

Mvulana akanyoosha mkono kumtikisa babu yake. "Babu! Babu, amka, wale!"

Mama yake akaushika mkono ule, akaushusha taratibu.

"Mwache alale," alisema. "Tutawaangalia sisi."